Kaka anataka tuuze shamba la Muheza mama apelekwe kuchomwa sindano ya ubongo. Sijatia saini

Shikamoo mama mshauri,

Naandika kutoka Ngamiani, Tanga. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, fundi cherehani, mama wa watoto wawili. Naomba usitaje jina langu, mji wetu mdogo na watu wanajuana.

Mama yangu mzazi ana miaka 64, ana presha na sukari ya muda mrefu. Miezi saba iliyopita alikwenda shambani kwetu Muheza kusimamia uchumaji wa machungwa. Alilala mzima. Asubuhi kibarua alipopiga hodi akamkuta chini kando ya kitanda, mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kulia havimtii. Mpaka gari limepatikana na tumefika hospitali ilikuwa mchana. Daktari akauliza mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi, tukamjibu jana yake baada ya swala ya isha. Akasema muda wa sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda umepita. CT scan ilionyesha mshipa wa ubongo umeziba upande wa kushoto, damu haikuvuja.

Sasa anaishi kwangu. Anatembea kwa fimbo, mguu unaburura kidogo. Mkono wa kulia unafunga vidole lakini kuvifungua hawezi. Kinachoniumiza zaidi ni maneno. Akitaka maji anasema "kanga", halafu anajua amekosea, machozi yanamlenga. Jina langu limemshinda. Ila akikaa kwenye mswala, Alhamdu anaisoma mpaka mwisho bila kukwama. Mjomba anasema hiyo ndiyo dalili kwamba huu si ugonjwa wa hospitali, kuna kitu kimemkamata ulimi na kinaogopa Qur'ani. Ameshaleta mtu wa kumpigia ramli mara mbili.

Kaka yangu mkubwa yuko Maskati, ni dereva. Yeye haamini mambo ya mjomba. Ila ameona kwenye simu video ya mzungu aliyepata kiharusi, anachomwa sindano nyuma ya shingo, analazwa kitanda kichwa kikiwa chini miguu juu, na dakika chache baadaye anainua mkono uliokuwa umekufa. Kaka amesoma sana. Anasema kiharusi kinaacha mchochota kwenye ubongo, yaani kinga ya mwili inawaka na kuleta uvimbe, na mchochota huo hauondoki hata miezi na miaka ikipita, seli zinabaki zimelala. Ukizimwa, seli zinaamka. Dawa inaitwa etanercept. Amewasiliana na kliniki moja ng'ambo na hesabu yake ya viza, tiketi za watu wawili, malazi na sindano mbili inafika milioni 35. Hatuna. Tulicho nacho ni shamba, ekari nne alizotuachia marehemu baba, ambaye alifariki kwa kifua kikuu miaka sita iliyopita, mama akimuuguza mwenyewe chumbani mpaka dakika ya mwisho. Mnunuzi yupo, anasubiri saini yangu tu.

Nilipomwambia kaka nipe muda nifikirie, alinijibu: "Unamhesabia mama machungwa." Tangu siku hiyo anapiga simu kuongea na mama, mimi hanisalimii.

Wakati tunavutana, kijana wa jirani anayeuza duka la dawa akaniambia kama shida ni uvimbe wa ubongo, mbona dawa ipo hapahapa na bei yake ya kawaida tu, vidonge vya deksa (deksamethasoni). Mama anavimeza wiki ya sita sasa. Siku za mwanzo alichangamka, akala vizuri, nikasema huenda kaka ana haki. Siku hizi uso umejaa na usiku ananiamsha mara nne mara tano kwenda chooni.

Mama mshauri, nikitia saini na sindano isisaidie, watoto wetu hawana pa kusimama. Nikikataa na mama akaondoka, wataimba mpaka kwenye matanga kwamba nilimuua kwa ajili ya machungwa. Je, hii dawa ya kuzima uvimbe kwenye ubongo ni ya kweli au kaka anadanganywa? Nifanye nini?

Msomaji, Ngamiani

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na umpe pole mama. Kuuguza mzazi huku unashona nguo za watu ili mle ni kazi ya watu watatu, na wewe uko peke yako na simu isiyokusalimia.

Kabla ya shamba, kabla ya kaka, kuna jambo moja la leo. Mpeleke mama akapimwe sukari na presha, zahanati yoyote iliyo karibu, leo hii kama inawezekana. Nilikuwa muuguzi kabla ya kukaa kwenye safu hii, na uso kujaa pamoja na kukojoa mara kwa mara usiku, kwa mgonjwa wa sukari anayemeza deksa wiki ya sita, ni mambo yanayohusiana sana. Deksa inapandisha sukari. Inapandisha presha. Ikitumika muda mrefu inalegeza misuli, na mama hana misuli ya kupoteza, na inapunguza nguvu ya mwili kupambana na maambukizi. Ule uchangamfu na hamu ya kula vya siku za mwanzo deksa huvileta kwa watu wengi, wagonjwa wa kiharusi na wasio wagonjwa. Lakini sikiliza vizuri: usivikatize ghafla nyumbani. Mwili una tezi juu ya figo zinazotengeneza homoni ya aina hiyohiyo, na mtu akimeza vidonge kwa wiki nyingi tezi hizo hulala. Ukikata kwa mara moja anaweza kuanguka. Chukua boksi lenyewe, nenda nalo kwa daktari wa kliniki ya mama wiki hii, mwambie alianza lini na anameza vingapi, yeye atapanga namna ya kupunguza. Ukikuta sukari imepanda sana, au mama analegea, anatapika au anasinzia kupita kawaida, usisubiri kliniki, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Wala usione haya kusema vilikotoka. Kijana wa jirani alitaka kusaidia. Lakini dawa za jamii hiyo zilishajaribiwa kwa kiharusi cha mshipa kuziba tangu miaka ya 1970, na deksa haikuonyesha faida.

Sasa nirudi kwenye barua yako. Nimeisoma mara kadhaa, na naona maswali matatu yamefungwa kwenye kanga moja. La kwanza ni la kitabibu: je, mchochota wa ubongo upo, na kuuzima kunasaidia? La pili ni la mali: shamba ni la nani na nani ana haki ya kuliuza? La tatu, ambalo naliona ndilo linalokukosesha usingizi, ni kama unampenda mama kiasi cha kutosha. Hilo la tatu limeletwa na maneno ya kaka, na halijibiwi kwa saini, iwe umetia au hukutia.

Kaka yako hajazua. Mshipa wa ubongo ukiziba, seli zilizokuwa zikilishwa na mshipa ule zinaanza kufa papo hapo. Wataalamu walikadiria mwaka 2006 kwamba katika kiharusi cha mshipa mkubwa zinakufa seli za neva kama milioni 1.9 kila dakika. Ndiyo maana daktari aliwauliza saa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na mtu aliyeamka na kiharusi huhesabiwa kuanzia alipoonekana mzima mara ya mwisho. Isha mpaka mchana wa kesho yake ni mbali. Hakuna aliyechelewa kwa uzembe hapo, mama alikuwa amelala.

Seli zikifa, mwili unaitikia kama unavyoitikia kidonda. Ubongo una seli zake za ulinzi, hizo zinaamka na kumwaga kemikali za kuita msaada. Ukuta wa mishipa unaotenganisha damu na ubongo unalegea, chembe nyeupe za damu zinaingia kwa wingi, maji yanafuata, ubongo unavimba. Uvimbe huo kwa kawaida hufika kileleni ndani ya siku chache za mwanzo, na kwa kiharusi kikubwa ndio unaoweza kuua mtu aliyekuwa amenusurika siku ya kwanza. Katika vurugu hiyo, seli za pembeni ambazo zingepona nazo zinaumia. Hapo ndipo wanasayansi wanapojiuliza: tukizima moto huu, hatutaokoa zile za pembeni?

Ni swali zuri, na nataka ulichukue kwa uzito kama kaka anavyolichukua. Lakini kuna dhana moja ndani yake ambayo ningependa muitazame upya nyote wawili, kwamba mchochota ni adui mtupu. Seli hizohizo za ulinzi zinazoumiza siku za mwanzo ndizo zinazozoa mabaki ya seli zilizokufa na kusaidia ukarabati siku zinazofuata. Na mwili wa mtu mwenye kiharusi una tabia ya ajabu: ndani ya ubongo kinga inawaka, wakati huohuo kinga ya mwili mzima inashuka. Ndiyo sababu moja ya wagonjwa wengi wa kiharusi kupata nimonia wodini, pamoja na kupaliwa na chakula. Ukiizima kinga bila kuchagua wapi na lini, unaweza kumuondolea mgonjwa ulinzi aliokuwa anauhitaji.

Hili si la kinadharia, liliwahi kutokea. Kulikuwa na dawa iliyoitwa enlimomab, kingamwili ya kuzuia chembe nyeupe zisishike ukuta wa mshipa na kuingia kwenye ubongo. Kwa wanyama wa maabara ilipunguza madhara ya kiharusi. Ikajaribiwa kwa wagonjwa 625, nusu wakapewa dawa na nusu wakapewa kiowevu kisicho na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: waliopewa dawa walikufa zaidi, asilimia 22 kwa 16, na walipata homa na maambukizi zaidi. Mwanangu, wale walikuwa madaktari waangalifu, wenye hoja nzuri kuliko ya kliniki yoyote ya kwenye video, na dawa yao ilidhuru. Bila kundi la kulinganisha wasingejua. Kila aliyekufa angehesabiwa ameuawa na kiharusi chake.

Kuna dawa nyingine inayofunga mlango wa kemikali moja ya mchochota iitwayo intalukini-1. Watafiti wa Manchester, Uingereza, waliijaribu kwa wagonjwa 80 wa kiharusi, wakitoa sindano ya kwanza ndani ya saa chache tu. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Vipimo vya damu vilionyesha mchochota umeshuka kweli, ila wagonjwa hawakupona vizuri zaidi. Nalileta hili kwa sababu linagusa moja kwa moja hoja ya kaka. Kuzima mchochota na kumrudishia mtu mkono wake ni mambo mawili, la kwanza linaweza kutokea bila la pili.

Hata hivyo mlango haujafungwa. China kuna dawa iliyochanganya edaravone, inayokamata sumu zinazozalishwa seli zikikosa hewa, na kiambato kingine cha kupunguza mchochota. Ililinganishwa na edaravone peke yake kwa wagonjwa karibu 1,200 na matokeo yakatoka mwaka 2021. Baada ya miezi mitatu, waliobaki bila ulemavu wa kuwazuia shughuli zao walikuwa kama 67 kati ya 100, dhidi ya 59 kwa kundi lingine. Hiyo ni tofauti ya kweli na mimi ilinipa moyo. Lakini tazama saa: wote walianza dawa ndani ya saa 48. Karibu matumaini yote makubwa ya kuzima mchochota yako kwenye saa na siku za mwanzo. Mama yuko mwezi wa saba.

Ndiyo maana sindano ya kaka inahitaji kutazamwa peke yake, kwa sababu inadai kufanya kazi miezi na miaka baadaye. Etanercept ni dawa halisi, inatumika sana kwa ugonjwa wa baridi yabisi, na inazuia kemikali ya mchochota iitwayo TNF. Matumizi ya kuchoma nyuma ya shingo kwa kiharusi si yale yaliyoidhinishwa. Kuna utafiti mdogo wa Australia uliowahi kuonyesha dalili nzuri, na watu wengi wakakimbilia huko. Baadaye Australia na New Zealand walifanya jaribio kubwa kidogo, wengine wakachomwa dawa na wengine kiowevu kisicho na dawa, mgonjwa hajui amepata ipi. Wengi katika makundi yote mawili walisema wamepata nafuu. Waliopata dawa hawakuwazidi wenzao. Kwa hiyo yule mzungu wa kwenye video huenda hadanganyi hata kidogo. Aliinua mkono, na alijisikia anauinua. Swali ni kama sindano ndiyo iliyouinua, na video haiwezi kulijibu.

Na kuna jambo uliliandika kwa kupita tu, mimi likanisimamisha. Baba alifariki kwa kifua kikuu na mama alimuuguza chumbani. Vimelea vya kifua kikuu vinaweza kulala mwilini miaka mingi bila mtu kuumwa, na TNF ni moja ya vitu vinavyovifungia visiamke. Dawa za kuzuia TNF zinajulikana kuamsha kifua kikuu kilicholala, na mgonjwa hupimwa kwanza kabla ya kuanza. Muulize kaka kama kliniki imeuliza habari za kifua kikuu katika nyumba yenu. Kama wamekwishataja bei na bado hawajauliza hilo, ninyi wenyewe mtaamua hiyo inawaambia nini. Tena mwambie daktari wa mama habari hiyohiyo ya kifua kikuu siku utakayompelekea boksi la deksa, maana deksa nayo inashusha kinga.

Utaniuliza, sasa mtu wa kawaida atajuaje utafiti na biashara? Sisi wa Mkoa wa Tanga tuna mfano mlangoni. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa Korogwe, kama ilivyojaribiwa Bagamoyo na katika vituo vingine tisa barani Afrika, kuanzia 2009 mpaka 2014. Huenda unamjua mzazi ambaye mwanawe alikuwemo. Mzazi alielezwa kwa Kiswahili, akasaini au akakataa, na angeweza kujitoa siku yoyote. Watoto wengine walipewa chanjo ya malaria, wengine chanjo ya ugonjwa mwingine, ili walinganishwe. Mzazi hakudaiwa bei ya chanjo. Ilikuwa mwaka 2021 ndipo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Hapa kwetu utafiti wa dawa mpya kwa binadamu hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kwa maadili, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa dawa yenyewe, na nchi nyingine zina vyombo vyao. Mwombe kaka aiandikie kliniki maswali haya: mama anaingia kwenye utafiti uliosajiliwa, au ananunua huduma? Kama ni utafiti, kwa nini analipa? Kama ni huduma, matokeo ya wagonjwa wao wote, waliopona na wasiopona, yamechapishwa wapi? Akipata madhara amerudi Tanga, nani atamtibu na kwa gharama ya nani? Maswali hayo yakitoka kwa kaka mwenyewe yatakuwa na uzito kuliko yakitoka kwako, kwa kuwa yeye ndiye anayeitakia hii sindano mema.

Sasa Alhamdu ya mama. Usimgombeze mjomba, lakini usiogope. Maneno tuliyoyahifadhi tangu utotoni, dua, nyimbo, kuhesabu moja mpaka kumi, salamu, huwa hayapiti njia ileile ya ubongo kama sentensi mpya unayoitunga papo hapo. Wagonjwa wengi walioumia upande wa kushoto hubaki na uwezo huo, Waislamu kwa Wakristo, hata Wazungu wanaoimba nyimbo za shule. Na wataalamu wa tiba ya kuzungumza huwa wanautumia kama daraja: mtu anaanza kwa alichohifadhi, anasimamishwa kabla ya neno la mwisho, alimalizie mwenyewe. Jaribu. Mwambie "Assalaam..." kisha nyamaza, umtazame, mpe muda. Akisema "kanga" akimaanisha maji, usimsahihishe kwa sauti kubwa kana kwamba ni kiziwi. Mwonyeshe kikombe, mwonyeshe kanga, mwache aguse. Ulisema anajua anapokosea na machozi yanamlenga, na hapo mwanangu ndipo barua yako iliponipa tumaini kuliko mahali pengine pote, maana anayejua amekosea neno anajua alichotaka kusema.

Ndiyo maana nakuuliza, kwa upole: mama ameulizwa? Katika barua yako yote kaka ana maoni, mjomba ana maoni, jirani ana maoni, mnunuzi ana haraka. Mama hana. Kukosa maneno si kukosa akili. Kaa naye asubuhi akiwa hajachoka, mweleze kwa sentensi fupi, moja moja. Mama, kuna dawa mbali. Ni kwa ndege. Shamba litauzwa. Atikise kichwa, ashike mkono, asukume. Muulize tena kesho yake kwa kugeuza swali, ili ujue jibu ni lilelile. Muulize na kaka akiwepo kwenye video, aone mwenyewe. Huenda mama atataka kwenda. Huenda atakataa kwa kidole kimoja na mjadala ukaisha. Sijui, na ninyi hamjui mpaka aulizwe.

Hilo linatupeleka kwenye shamba. Umesema ni la marehemu baba, na hujasema kama mirathi imegawanywa. Kama haijagawanywa, ninyi Waislamu mnajua mama ana thumuni yake kama mjane mwenye watoto, kaka ana mafungu mawili kwa lako moja, na kama kuna ndugu wengine nao wana chao. Saini yako peke yake haiuzi shamba la watu wote. Kaeni kwanza kwa kadhi au mahakama ya mwanzo mjue nani msimamizi wa mirathi na kila mtu ana nini. Mkishajua, njia zinaongezeka. Kaka anaweza kuuza fungu lake kwa hiari yake bila kugusa la mwingine, ingawa ekari chache zilizokatwakatwa bei yake hushuka. Mnaweza kuuza matunda ya msimu yakiwa bado mtini, kama wengi wa Muheza wanavyofanya; mfanyabiashara atawapunja kidogo lakini ardhi itabaki, na pesa hiyo italipa mazoezi ya viungo, dawa, na bajaji za kwenda kliniki kwa miezi mingi. Mnaweza pia kuuza lote na kusafiri. Hilo nalo ni lenu kuamua. Hatari zake nimekutajia: pesa kwisha bila nafuu, safari ndefu ya ndege kwa mtu mwenye presha na sukari isiyotulia, na kifua kikuu. Kukataa nako kuna hatari yake, kaka anaweza kubeba kinyongo miaka na miaka, na wewe ukabaki unajiuliza "je, kama". Sitakuficha kwamba hilo lipo.

Kuna hatari nyingine ambayo hakuna aliyeitaja katika mvutano huu, nayo ni kiharusi cha pili. Aliyepata kimoja yuko karibu na kingine kuliko mtu asiyewahi kupata. Presha kushuka na kukaa palepale, sukari kutulia, dawa ya kuzuia damu isigande kama daktari aliiandika, na ya mafuta kwenye damu, hivi ndivyo vinavyomlinda, na vinapatikana bila kuuza mche hata mmoja. Anavimeza kila siku? Vilipokwisha mara ya mwisho mlikaa siku ngapi? Na mazoezi je? Nafuu kubwa huja miezi ya mwanzo, kweli, lakini haikomi mwezi wa sita kama watu wanavyosema. Vidole vinavyofunga bila kufunguka ni jambo la kumwonyesha mtaalamu wa mazoezi ya viungo mapema, kabla mkono haujakakamaa. Mkono ule ukiuliziwa hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, utajua nini kinapatikana hapo na nini kinahitaji Dar es Salaam. Uliza pia kuhusu huzuni. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu hupata sonona baada ya kiharusi, inatibika, na mtu mwenye sonona hafanyi mazoezi.

Kaka yako nimemfikiria sana. Mtu aliye Maskati hawezi kumsuuza mama miguu, hawezi kumsubiri mlangoni mwa choo usiku. Anachoweza ni kutafuta na kutuma pesa. Ameipata sindano na ameikumbatia kwa mikono miwili kwa sababu ndicho kitu pekee anachoweza kumpa mama kutoka mbali. Maneno ya machungwa yalikuwa makali na hukustahili. Lakini huenda chini yake kuna mtu anayeogopa kupigiwa simu ya msiba akiwa barabarani. Mpe kazi ya kweli. Awe ndiye anayefuatilia dawa za presha zisikatike. Aongee na daktari wa mama kwa simu siku ya kliniki, akiwa na maswali yake yote ya mchochota, na amsikie mtaalamu akimjibu yeye badala ya kukusikia wewe ukikataa. Akipata likizo, aje akae naye wiki mbili kabla ya kupangwa safari yoyote.

Umeniuliza ufanye nini, na umeona sikukuambia utie saini wala usitie. Mnunuzi anaweza kusubiri, na kama hawezi, watakuja wengine. Mashamba ya Muheza hayakosi wateja. Sukari ya mama haiwezi kusubiri. Anza na hiyo, kisha kliniki na boksi la deksa mkononi, kisha mama mwenyewe aulizwe. Ukipata majibu, niandikie tena, hata kama ni kunieleza kwamba mmeamua kuuza na tiketi zimeshakatwa, nitakujibu kwa yale yatakayofaa safarini.

Wako, mama mshauri